Mtungi Haurudi Mtupu

Gamdol, milimani
2 Oktoba 1976

Kwa Mama Gil-rye wa Moraegi, pwani,

Hunijui, ila umenilisha miaka mingi. Mimi ni Tak Deok-su, mume wa yule mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, aliyekuwa akivuka kipito cha Mgongo wa Ng'ombe kila majani yakianza kupukutika, mtungi kichwani, akikuletea pilipili kavu na mafuta ya ufuta, akirudi na samaki wako wa kuchachua. Mwaka huu hatakuja. Alifariki mwezi wa nne, siku moja baada ya kunigombeza kwa sababu ya soksi. Nakwambia mapema usije ukakaa kibarazani unamtazamia.

Mtungi wako nimeukuta uani, umefunikwa vizuri na kifuniko chake cha udongo, na ndani hamna kitu. Nikasema, lo! Mke wangu kaenda ahera na aibu ya chombo cha watu. Kwetu hapa, na najua hata huko kwenu, chombo cha mtu hakirudi kwake kitupu. Ukikosa kabisa, tia hata njiti za kiberiti, lakini tia. Chombo kitupu maana yake ni moja tu: mimi nawe basi. Kwa hiyo nimeujaza pilipili mpaka shingoni, chupa ya mafuta katikati, nikampa Pyo, dereva wa basi linalovuka mlima. Nilimpa na yai la kuchemsha. Akasema kwa yai moja mtungi utapanda juu ya paa, kwa mawili utakaa kwenye kiti. Nimetoa mawili.

Sasa shida yangu. Mwanangu Chil-seong anafanya kazi Seoul, anakaa ghorofa ya saba, anataka nikakae naye. Ananiambia huko kila kitu kinapatikana dukani, na maji ya moto yanatoka ukutani. Nikamwuliza, "Na majirani, wanatoka wapi?" Akasema, "Baba, usianze." Tumebishana wee, mwisho tukakubaliana hivi: ikifika ile siku ya usiku mrefu kuliko zote, mwezi wa kumi na mbili, niwe nimezika ardhini mitungi ya kimchi ya kunitosha majira yote ya baridi. Nikiweza, ananiacha hapa na miguu yangu chini. Nikishindwa, napanda ghorofani kama njiwa.

Na mimi kimchi, kabeji hiyo ya kuchachuka kwa pilipili, nimeila miaka sitini na saba bila kuuliza inatoka wapi.

Kabeji ninazo shambani. Nisichokuwa nacho ni samaki wako, maana kimchi bila samaki ni kabeji iliyofiwa. Naomba kuirithi biashara ya marehemu.

Mimi,
Tak Deok-su

Barua nimeandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Shule nilisoma mpaka darasa la pili. La tatu lilikuwa ng'ambo ya mto, na mtoni mlikuwa na samaki.


Moraegi
9 Oktoba 1976

Shemeji Deok-su,

Nakuita shemeji kwa sababu mkeo alikuwa akiniita mdogo wake. Barua yako nimeilia hadi jirani akaja kuuliza ni mashua ya nani imezama. Nikafuta machozi, nikafungua mtungi, nikalia tena, safari hii kwa hasira.

Shemeji, pilipili zina vikonyo! Zote! Dada yangu alikuwa akivinyofoa kimoja kimoja, akizifuta kwa kitambaa kama anaosha watoto. Wewe umezibwaga kama zilivyoanguka. Nimekaa siku nzima nanyofoa vikonyo vya mwanamume nisiyemjua.

Haya, sikiliza masharti, maana mimi na mkeo hatukuwahi kuandikiana. Mtungi wa pilipili na mafuta unarudi na mtungi wa gayogayo, wale samaki bapa, waliochachuka kwa mtama na pilipili hizo hizo. Mwaka ambao mvua iliwanyima nyinyi, alileta nusu, nami nikajaza. Mwaka ambao bahari ilininyima mimi, nilijaza nusu, naye akaleta pomoni. Hatukupima. Lakini vikonyo, hapana, hivyo havimo kwenye mapatano.

Mwaka huu nitachelewa. Samaki hawachachuki bila joto, na chumba changu kina matatizo. Nikiwasha jiko, badala ya moshi kupita chini ya sakafu uende zake nje, unachomoza kwenye mikeka kama jini. Nakula macho yamefumbwa. Fundi wa mjini ameangalia samaki niliompa kama nimemtukana mama yake. Anataka pesa.

Pole sana shemeji. Alikuwa na sauti, kweli. Alipokuwa akikaribia, mbwa wa Moraegi walikuwa wanaanza kutikisa mikia kabla hajafika kona ya kwanza.

Ok Bun-rye, mama Gil-rye


Gamdol
15 Oktoba 1976

Shemeji Bun-rye,

Umesema moshi?

Mwanamke wewe, unamwambia nani habari za moshi? Miaka arobaini nimetambaa chini ya sakafu za watu wa bonde hili. Hakuna jiwe la sakafu ambalo halijanikwangua mgongo. Mke wangu alikuwa akisema amenijua kwa uso miaka miwili tu ya mwanzo, baadaye alikuwa akiishi na masizi. Sakafu yako ina jiwe lililolala vibaya, au mnyama kajenga. Nitalitoa, nitalilaza upya, utalala hadi mbavu ziseme asante.

Malipo yangu si samaki. Nataka siku moja ya mikono yako, siku ya kutengeneza kimchi.

Nikueleze kwa nini. Hapa kijijini wanawake wanabadilishana siku. Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, siku kwa siku, hakuna anayeachwa. Jana nilikwenda kwa Mama Bok-dong, jirani yangu, mkubwa wao, nikakuta wamekaa wanamenya vitunguu saumu.

"Mama Bok-dong, na mimi niingizeni kwenye zamu."

"Uingie na nani, Mzee Tak?"

"Na mikono yangu hii."

"Hiyo? Mara ya mwisho kushika kisu ulikuwa unakata tumbaku!"

"Siku ni siku, mama."

"Siku yako wewe ni nusu saa ya bibi yangu," akasema, "naye kafa!"

Walicheka, mmoja akaangukia kwenye kapu la vitunguu. Nilijifanya nimekuja kuazima jembe, nikarudi nalo nyumbani, jembe lenyewe silihitaji.

Kwa hiyo mikono yangu haina soko hapa. Labda ina soko huko kwako. Nitapanda basi la Ijumaa. Kazi ya siku moja.

Tak Deok-su


Moraegi
1 Novemba 1976

Shemeji,

Sakafu haitoi moshi. Paka amelala juu yake tangu ulipoondoka, tunamruka.

Umesahau kiko chako. Nimekiweka juu ya kabati. Sikitumi.

Majirani bado wanakuongelea. Mama wa duka la chumvi ameniuliza, "Yule aliyetoka chini ya nyumba yako, mweusi tii, meno tu, ni mtu au ni mkaa?" Nikamwambia ni shemeji yangu. Akasema, "Shemeji! Haya." Aliivuta hiyo haya mpaka ikafika bandarini.

Tena nikuulize. Ulisema kazi ya siku moja. Ulikaa tatu. Siku ya kwanza ulitoa kiota cha panya, moshi ukakoma. Nilikuona. Siku ya pili ulihamisha jiwe. Siku ya tatu ulilirudisha jiwe lile lile pale pale. Hivyo unanidai siku moja ya mikono au tatu? Nijue nifunge nguo ngapi.

Gayogayo wako tayari wameanza kububujika. Chumba kina joto, wanachachuka kama wana haraka ya kwenda mahali. Nitawapa Pyo katikati ya mwezi, mtungi ujae. Chonde uwaache ndani mpaka siku yenyewe. Usiwaonje.

Bun-rye


Gamdol
6 Novemba 1976

Shemeji,

Jiwe lile lilikuwa kaidi. Mtu asiye fundi hawezi kuelewa.

Funga nguo za siku tatu. Tarehe tano Desemba basi.

Kiko kikae huko huko, mapafu yangu yanashukuru.

Tak


Seoul
22 Novemba 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilitaka kukushtukiza wiki iliyopita, nikashuka na treni mpaka pwani, nikapanda basi la mlimani. Theluji ya kwanza ikatukamata kwenye kipito. Tulikwama tangu asubuhi mpaka karibu na magharibi, watu wakachimba kwa mbao za masanduku, na mwisho basi likageuka kurudi pwani. Likizo yangu ilikuwa imekwisha. Usiwe na wasiwasi, sikukaa na njaa.

Baba, milima hiyo inaua. Hebu fikiria ukiugua siku kama ile. Nitakuja tarehe ishirini Desemba na masanduku mawili makubwa ya kutilia vitu vyako. Mkwe wako amekununulia viatu vya ndani vyenye manyoya.

Mwanao,
Chil-seong


Gamdol
24 Novemba 1976

Kwa Ok Bun-rye,

Mtungi umefika.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti, umefungwa kamba vizuri. Dereva Pyo aliushusha bila kunitazama usoni, akaondoa basi mlango ukiwa wazi. Nikaona wepesi. Nikafunua. Mtupu. Tena haukuwa mtupu tu, ulikuwa umeoshwa! Umesuguliwa kwa majivu, unang'aa kama kichwa cha mtawa aliyenyolewa, hata harufu hamna.

Nimekaa nao kibarazani tangu asubuhi. Mama Bok-dong amepita akasema, "Mzee, unaongea na chungu?" Sikumjibu, na wewe umeniona, unajua nikishindwa kujibu mtu nina hali gani.

Haya, nimeelewa. Mtu akirudisha chombo kitupu anaweza kusema alisahau. Akikiosha hivi, amekusudia. Ningeandikiwa hata mstari mmoja. Ningeambiwa, "Mzee, ulikaa siku tatu, watu wanasema, tuishie hapa." Ningesema sawa, nikanywa kibuyu changu nikalala.

Kabeji nimezifunika majani makavu. Baridi ikizidi zitapasuka. Mwanangu anakuja na masanduku. Viatu vya manyoya vimekwisha nunuliwa.

Kiko changu kipe paka.

Tak Deok-su wa Gamdol


Moraegi
29 Novemba 1976

Kwa Bwana Tak,

Mwongo mkubwa wee!

Ule mtungi niliujaza mimi mwenyewe. Nilipanga samaki, mtama, pilipili, nikabana kwa kiganja, nikapanga tena, mpaka kifuniko kikakataa kukaa. Wale wakubwa niliwaweka juu ili uwaone kwanza. Barua sikuandika kwa sababu mtungi uliojaa unasema wenyewe.

Sasa wewe umekula. Nilikwambia usionje, ukaonja, ukaonja tena, ukamaliza, ukaona aibu, ukaosha, na badala ya kusema "shemeji nisamehe, tumbo lilinizidi," unanisingizia mimi kwamba ninarudisha vyombo vitupu! Mimi! Mama yangu alinifundisha kutia hata punje za chumvi kwenye bakuli la jirani. Hapa Moraegi mtu akisikia nimerudisha mtungi mtupu, nitauziwa chumvi na nani?

Tarehe tano siji. Nimefungua nguo nilizokuwa nimefunga. Zilikuwa za siku nne, kwa taarifa yako.

Ok Bun-rye

Paka hataki kiko.


Gereji ya basi, Moraegi
1 Desemba 1976

Kwa Mzee Tak, na nakala kwa Mama Gil-rye,

Naandika hii kwa sababu jana Mama Gil-rye alikuja gerejini na ufagio, akitaka kujua mtungi wake ulifanywa nini njiani.

Mzee, mtungi ulijaa. Tuliula sisi.

Siku ile theluji ilipotukamata kwenye Mgongo wa Ng'ombe, mna watu basini, chakula hamna. Dada mmoja mjamzito akaanza kuzimia. Nikasema, kuna mtungi wa mtu hapa, apate kidogo tu. Nikafunua. Mzee wangu, ile harufu! Ilitoka mara moja, basi zima likageuza shingo. Yule dada akala kidogo, macho yakafunguka. Muuza kuku akasema, "Na mimi ni kama mjamzito." Wanajeshi wawili wa likizo walikuwa na mkate wa kambini, mkavu kama buti. Wakachovya. Mtawa wa hekaluni akasema yeye hali samaki, ila mtama uliolala na samaki si samaki, akala mtama mpaka mtama ukaisha.

Kulikuwa na bwana wa Seoul, miwani, koti refu. Alikataa kabisa. Eti si adabu kula mali ya mtu asiyemjua. Tukamshika mkono tukamtilia mdomoni. Alipotafuna, akavua miwani. Kisha akasema, "Hii naijua." Tukamwuliza unaijuaje, akasema pilipili imemwingia machoni. Ndiye aliyemaliza, Mzee. Ndiye aliyepangusa mtungi kwa kidole, akalamba mpaka kifundo.

Tulipotoka salama nilipata aibu. Nikaona nikirudisha mtungi mchafu itakuwa matusi, basi nikausugua kwenye kijito kwa majivu. Kumbe ningeacha hata mwiba mmoja mngeelewa. Akili yangu ndipo ilipofika.

Abiria wangu wengi ni wale wale wa kila wiki. Wote wanasema walikula, na chombo hakirudi kitupu. Wanauliza walete nini. Mmoja ana mchele, mmoja kuku, mtawa ana sala.

Pyo, dereva


Gamdol
3 Desemba 1976

TANGAZO. Pyo, libandike hili juu ya kiti chako, wasioweza kusoma uwasomee.

Kwa wote waliokula mtungi wangu,

Mchele ninao. Kuku wana kelele. Sala, mtawa abaki nazo, atazihitaji kwa ajili ya ule mtama.

Mlikula kwa mikono, lipeni kwa mikono. Jumapili tarehe kumi na mbili, basi likifika Gamdol, shukeni wote. Kila mtu aje na kisu chake. Dada mjamzito asamehewe, aje aonje chumvi.

Tak Deok-su, mwenye mtungi


Gamdol
3 Desemba 1976

Shemeji Bun-rye,

Nimesoma barua ya Pyo mara tatu. Mara ya pili niliinuka nikaizunguka nyumba.

Nimekuita mrudisha vyombo vitupu. Wewe umeniita mlafi. Tukiweka kwenye mizani, tusi langu ni zito zaidi, kwa sababu mlafi kweli ni mimi, isipokuwa siku ile tu. Kwa hiyo nakuongezea hizi pilipili kwenye mfuko. Zitazame vizuri kabla hujaendelea kusoma.

Umeona?

Hakuna kikonyo hata kimoja. Vidole vinawaka, jana nilijisahau nikajikuna jicho, kijiji kizima kilinisikia.

Samaki wale nimesamehe. Kama unao wengine sijui. Kama huna, njoo hivyo hivyo.

Deok-su


Gamdol
3 Desemba 1976

Chil-seong mwanangu,

Siku ile ya theluji ulisema hukukaa na njaa. Ulikula nini?

Baba yako


Moraegi
7 Desemba 1976

Shemeji,

Pilipili nimezimwaga mezani nikazigeuza moja moja, nikitafuta kosa. Sijaliona. Imeniudhi.

Ufagio ule nimemwomba Pyo radhi, amekubali kwa samaki watano.

Unadhani mwanamke wa pwani anaweka mtungi mmoja tu? Ninao mwingine, wa kwangu, niliouficha wa kufungulia mwaka. Nitaushika magotini mwenyewe njia nzima, na dereva akinusa nampiga.

Kabeji hazipakwi siku ile ile, zinalala kwenye chumvi kwanza zilegee. Hukujua, eti? Kabeji ngumu haipokei pilipili, utamwona mwanao anakucheka. Nitakuja siku mbili kabla ya hiyo tarehe kumi na mbili. Chemsha maji, na ufagie, namjua mwanamume anayekaa peke yake.

Bun-rye


Seoul
9 Desemba 1976

Baba,

Barua yako ina swali moja, nami nimekaa nalo ofisini siku nzima.

Nilikula mtungi wako. Sikujua ni wako. Hapana, nakudanganya. Nilipoonja nilijua ni ule wa mama, ule aliokuwa akirudi nao kichwani, mimi nikimkimbilia njiani aninyooshee kipande kimoja kabla hajautua. Tangu mazishi sijaweza kulia, Baba. Nililia mle basini mbele ya wanajeshi, nikasingizia pilipili. Kisha nikaendelea kula. Nilipomaliza niliogopa kuja kwako hata kama barabara ingefunguka.

Mkwe wako ananiambia mtu aliyekula chungu cha watu haendi huko na masanduku. Nitakuja tarehe kumi na mbili. Kisu ninunue cha aina gani?

Chil-seong


Gamdol
17 Desemba 1976

Shemeji Bun-rye,

Nyumba imekuwa kimya tangu ulipopanda basi. Hata panya wamerudi kuchungulia kama umeondoka kweli.

Bado nacheka peke yangu. Nikikumbuka Pyo anafungua mlango wa basi na watu wanashuka na visu mkononi, Mama Bok-dong akipiga yowe kwamba kijiji kimevamiwa! Na yule mtawa, mikono mpaka viwikoni kwenye pilipili na samaki, akisema, "Sili, napaka tu." Nawe ulivyomwambia, "Paka, baba, paka, mungu wako anaangalia vidole vyako, haangalii ulimi." Na muuza kuku na yule dada wakigombania chumvi, huyu anasema imezidi, huyu anasema haijafika, kumbe wanaonja mabeseni mawili tofauti.

Mwanangu alikata figili moja, akakata kidole, akakata figili ya pili. Nilikuona unamfunga kitambaa. Nilikuona pia ulipokata moyo wa kabeji, ukauzungushia kipande cha gayogayo, ukamtilia mdomoni kabla hajanawa, kama mtoto aliyekimbilia mtu njiani. Nilijifanya natafuta jembe.

Sasa sikia mambo yaliyotokea ulipoondoka. Mama Bok-dong alikuja asubuhi, kajifunga kitambaa kipya.

"Mzee Tak, wale wanajeshi wako wawili, wenye migongo ile. Kesho ni zamu yangu."

"Sasa?"

"Sasa nilikuwa nafikiria, siku ni siku."

"Siku ya mwanajeshi mmoja," nikamwambia, "ni sawa na wiki ya bibi yako, hata kama kafa."

Alinirushia ganda la kitunguu, lakini amekubali. Nimempa wanajeshi wawili na muuza kuku, ameniandikia siku tatu za kijiji, na mwakani nipo kwenye zamu kama mwanamke yeyote. Mtu aliyekosa hata kununua nusu saa, leo ana siku za kugawa! Jembe lake pia nimerudisha. Nimetia yai juu yake.

Na Chil-seong. Jana alichimba mashimo mwenyewe, akazika mitungi mitano mpaka shingoni, akaifunika majani makavu. Alipomaliza akaukalia mmoja, koti lote tope, akasema, "Baba, umeshinda." Nikamwambia sikushinda, nyinyi ndio mlikuwa na njaa. Akauliza viatu vya manyoya afanyeje. Nikasema alete, vitanifaa nikienda chooni.

Lakini sikumwacha aende hivi hivi. Nimempa bakuli la kimchi, lile kubwa la shaba la mama yake. Alilipakata, akaanza kushukuru, halafu nikaona anasita. Anajua. Bakuli lile haliwezi kubaki kwake, haliwezi kurudi tupu, na kwa Pyo halipandi tena hata kwa mayai kumi. Itabidi alilete. Nami nitalijaza. Ataleta, nitajaza, mpaka mmoja wetu achoke, na mimi sina mpango wa kuchoka. Alisema, "Baba, wewe ni mwizi." Alikuwa anacheka mpaka basi likapiga kona.

Mtungi wako nakurudishia na barua hii. Umejaa kimchi, majani ya kabeji yale uliyoyapaka mwenyewe, nimeyajua kwa mkono. Nimeufunga kwa kitambaa na kamba, kwa sababu kifuniko sikioni.

Kwa kweli nakiona. Kipo hapa mezani, nimekiegemezea barua. Lakini ni kizito kwa basi, na mtungi usio na kifuniko hauwezi kuchachua samaki. Kwa hiyo ukitaka biashara yetu iendelee, njoo ukifuate. Sakafu yangu, nadhani, nayo imeanza kutoa moshi.

Shemeji yako,
Deok-su


Moraegi
23 Desemba 1976

Shemeji,

Kimchi imefika, Pyo ameinusa tu. Nimempa jirani sahani moja, mama wa duka la chumvi akatuma ya kwake ichukue nyingine, sasa mtungi ni mtupu na nimeuweka uani, wazi, kama mdomo wa mtu anayesubiri jibu.

Kwako siji. Sakafu ya fundi kama wewe haitoi moshi, nimeilalia mwenyewe siku nne, usinifanye mtoto. Yangu ndiyo ina jiwe moja linalochezacheza. Lile lile uliloondoa ukalirudisha. Kifuniko kilete wewe, kiko chako bado kipo juu ya kabati.

Funga nguo za siku nyingi. Na pilipili, shemeji, nyofoa vikonyo.

Bun-rye